Siku Pikipiki ya Marehemu Ilipoacha Kukohoa

Nilijifunga mwenyewe, kwa ulimi wangu, mbele ya mashahidi, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Fundi Kabureta aliponiuliza kama nitakubali kuolewa naye, mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, niliona haya kama msichana wa shule, nikatafuta pa kujificha. Pikipiki ya marehemu mume wangu ilikuwa imesimama palepale gerejini kwake chini ya turubai, haijawaka tangu mwenyewe alipozikwa. Nikaisingizia.

"Siku hii itakapowaka, nitakujibu," nikamwambia.

Nilidhani nimepata muda mrefu wa kujifikiria. Nilisahau nazungumza na nani. Katika kundi letu la wazee wa pikipiki kila mmoja ana jina alilolitolea jasho. Mimi ni Mkunga, kwa sababu nimezalisha wanawake mpaka nikastaafu, nikiwafuata majumbani mwao juu ya pikipiki ya zahanati, matope mpaka magotini. Mwalimu alifundisha na mpaka leo hajaweza kuacha. Na Kabureta, ukimwekea kabureta mezani, anaitazama kama wanaume wengine wanavyotazama sahani ya chakula. Mtu kama huyo humpi pikipiki mbovu kuwa kisingizio.

Jumamosi ile asubuhi nilipoingia gerejini nikakuta ua umefagiliwa. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Pikipiki za wazee zilikuwa zimepangwa ukutani, tenki zinang'aa, na wenyewe wamekaa juu ya matairi ya zamani wakisugua magoti na kusimuliana habari za migongo. Waliponiona wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Karibu, shemeji," Mwalimu akasema. "Tulikuwa tunazungumzia hali ya hewa."

"Mwalimu, uongo haukufai. Mdomo unakucheza."

Wakacheka. Kabureta akatoka ndani akifuta mikono kwa kitambaa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na nywele zake, hizo chache zilizobaki, zimekatwa. Nimemjua mtu huyu miaka mingi. Alikuwa rafiki wa mume wangu, akipanda nyuma yake katika kila safari ya kundi, na mimi akiniita shemeji. Halafu siku moja neno lile likamtoka mdomoni lisirudi. Akaanza kuniita Mkunga kama wengi kundini, lakini yeye alilisema taratibu, kama mtu anayeonja chai ya moto.

Akanitazama. Sisemi zaidi. Mwanamke aliyewahi kutazamwa hivyo anajua, na ambaye hajawahi, namwombea apate.

"Mkunga," akasema, "njoo uone."

Akavuta turubai. Pikipiki ya mume wangu ilikuwa imesimama wima kama ilivyokuwa siku zake. Cheni mpya, spoku zimenyooshwa moja moja, kiti kimeshonwa pale kilipokuwa kimechanika.

"Rangi ya tenki sikuigusa," akasema. "Mikwaruzo yake yote ipo."

"Naiona."

"Piga kiki mwenyewe."

Nikafungua koki ya mafuta. Nikaibonyeza kiki polepole kwa mguu mpaka pale inapokuwa nzito, nikaipitisha kidogo, kisha nikaishindilia. Ikashika mara moja. Wazee wakapiga makofi, na Mwalimu akapiga honi ya pikipiki yake mpaka majirani wakachungulia.

Ikanguruma laini, sawasawa, haikosi hata pigo moja. Nikainamisha kichwa nikasikiliza. Nikasubiri. Kile nilichokuwa nakisubiri hakikuja.

Nieleze vizuri hapa, kwa sababu wengi wananiona nilikuwa mkorofi. Pikipiki ile, katika ndoa yangu yote, ilikuwa inakohoa. Ikiwa kwenye mwendo mdogo itapiga mara mbili tatu vizuri, halafu itakohoa, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kubisha hodi. Jioni nikiwa jikoni nilikisikia kikohozi kile kule kwenye kona, na kabla akili haijaniambia chochote mkono ulikuwa umeshaweka sufuria ya maji motoni na mwingine umeshanyoosha kitambaa kichwani. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mume wangu yu mzima na anarudi. Tangu afariki, nimekuwa nikinyanyuka kitini jioni bila sababu, nimekisikia, na hakuna kitu.

"Iko vipi?" Kabureta akauliza, tabasamu limemjaa uso mzima.

"Mbona haikohoi?"

"Haikohoi!" Akapiga paja kwa furaha. "Imepona. Unajua ilikuwa nini? Ile jeti ndogo ndani ya kabureta, inayopitisha petroli pikipiki ikiwa imetulia. Tundu lake lilikuwa limepanuka, inajaza mafuta mpaka inajikaba. Na aliyelipanua ni marehemu mwenyewe! Nilimwambia mara ngapi? Jeti haichokonolewi kwa sindano, inapulizwa. Yeye kila Jumapili anachokonoa. Tundu linapanuka, kikohozi kinazidi, naye anachukua sindano tena."

"Ndiyo tukamwita Sindano," Mwalimu akadakia, na wazee wote wakacheka. Walicheka kwa upendo, nakubali. Walikuwa wanamkumbuka mwenzao.

Mimi nilizima injini.

"Zilikuwa sindano zangu," nikasema. "Za kushonea. Alikuwa anaziiba kwenye kikopo changu."

"Basi sasa zitatulia," Kabureta akasema. Alikuwa bado anatabasamu, maskini. "Nimekuwekea jeti mpya."

"Nani alikwambia uweke?"

"Mkunga, pikipiki inayokohoa—"

"Nilikuomba iwake. Sikukuomba umfute mume wangu."

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Hata Mwalimu akaangalia viatu vyake. Uso wa Kabureta ulimshuka taratibu, na mimi nikaona kabisa ninachokifanya na bado sikuacha.

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

"Shemeji," Mwalimu akajaribu, "lakini imewaka. Na ahadi uliitoa mbele yetu sote—"

"Mwalimu, nyamaza." Kabureta hakupaza sauti. Akakunja kile kitambaa, akakikunja tena. "Mkunga, ahadi ile nimekufungulia. Sitaki unijibu kwa sababu ya injini. Nikisubiri, nitasubiri kwa hiari yangu."

Laiti angenifokea. Mtu akikufokea unapata pa kushika. Nikaiacha pikipiki palepale, nikatoka kwa miguu.

Nyumbani nilimkuta wifi yangu amekaa kwenye kiti kikubwa cha mume wangu anachambua mchele. Wifi alikuja kunifariji baada ya msiba, na kufariji kwenyewe hakujaisha mpaka leo.

"Mbona kwa miguu? Pikipiki imekufa?"

"Imepona."

"Sasa mbona umevimba uso?"

Nikamweleza. Akanisikiliza huku akichagua vijiwe, na nilipomaliza akatikisa ungo kwa kuridhika.

"Mimi nilikwambia. Yule mtu anaingia taratibu. Kwanza aliacha kukuita shemeji, nikanyamaza. Sasa amemwondoa kaka yangu kwenye injini. Kesho utamkuta kwenye kiti chake."

"Wifi, kiti chenyewe unakikalia wewe."

"Mimi ni damu yake!" Akajivuta kidogo mbele, lakini hakunyanyuka. "Na watu watasema nini? Mjane mwenye mvi anakimbizana na wanaume wa gereji, ana masizi mpaka kwenye kucha. Heshima ya kaka yangu iko wapi?"

"Masizi yananawika."

"Usinijibu kwa mkato. Nakuuliza kama mwenzako." Akaweka ungo chini. "Unampenda?"

Sikutegemea aniulize waziwazi hivyo. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Nampenda," nikasema. "Akiingia mahali nilipo nasahau nilichokuwa nasema. Asipokuwepo namtafuta kwa macho hata sokoni, mahali ambapo najua kabisa haendi."

"Na kaka yangu?"

"Nampenda."

"Huwezi kupenda wawili."

"Wifi, nimezalisha mapacha wengi mno. Sijamwona mama hata mmoja aliyeniuliza ampende yupi."

Akauchukua ungo wake, akachambua mchele ambao ulikuwa umeshakwisha kuchambuliwa.

"Hayo ni maneno ya kikunga," akanung'unika. Lakini hakuendelea, na mimi nilimfahamu. Yeye naye kila jioni alikuwa ananyamaza saa ileile ya kaka yake kurudi.

Nilijaribu kulala mchana, sikuweza. Nilijaribu kufua, nikajikuta nimeishikilia shuka moja ndani ya beseni mpaka maji yakapoa. Nilikuwa namtamani mtu aliyekufa na mtu aliye hai kwa wakati mmoja, na wote wawili nilikuwa nimewaacha gerejini. Nikavaa viatu.

Wazee walikuwa wameondoka. Kabureta alikuwa peke yake, amekaa chini sakafuni, lile shati la pasi limeshachafuka. Mbele yake alikuwa ametandika gazeti na kumwaga makopo yote ya vyuma chakavu. Vijeti vidogo vya shaba, kila kimoja hakizidi punje ya mahindi, vilikuwa vimetapakaa kila upande. Alikuwa anakishika kimoja kimoja, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, anafumba jicho moja na kuchungulia tunduni.

"Unafanya nini?"

Hakugeuka. "Naitafuta ile ya zamani. Sijawahi kutupa kitu, ila sijui niliiweka kopo gani."

"Fundi gani anarudisha kifaa kibovu?"

"Fundi mjinga." Akainua kingine. "Sitaki kuwa mtu aliyekunyang'anya kitu, Mkunga. Hata kama hutanijibu kamwe."

Nikavua viatu, nikakaa chini kando yake. Magoti yangu yakalia, na ya kwake yakajibu aliposogea kunipisha, tukacheka kidogo bila kutazamana. Tukaanza kuchambua pamoja. Vidole vyetu vilikutana juu ya gazeti zaidi ya mara moja, na hakuna aliyeomba radhi.

Niliipata mimi. Tundu lake halikuwa duara tena. Lilikuwa limevutika upande mmoja, na pembeni kulikuwa na mikwaruzo myembamba ya sindano, Jumapili juu ya Jumapili. Niliitia kiganjani nikafumba mkono.

"Kwa nini hukuniambia kuwa unakipenda kikohozi kile?" akauliza.

"Ningesemaje? Mtu anaanzaje kusema kitu kama hicho?"

"Kama ulivyosema asubuhi."

Nikampa ile jeti. Akaifungua kabureta, akatoa mpya, akaweka mbovu, mikono yake haina haraka. Tukaiwasha. Ikakohoa, lakini vibaya, mfululizo, kama mgonjwa wa kweli.

"Sio hivyo," nikasema.

"Nilikuwa nimeigeuza skrubu ya hewa pia. Sikumbuki marehemu aliiacha wapi." Akachukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha kwenye injini na mpini akauweka sikioni, kama mafundi wanavyofanya. Akatikisa kichwa. "Mimi nasikia ugonjwa tu."

"Nipe."

Nikaweka mpini sikioni. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa naweka chombo juu ya tumbo la mwanamke na sikio juu yake, nimefumba macho, namtafuta mtu ambaye sijamwona bado. Nikafumba macho.

"Zungusha kidogo," nikamwambia. "Polepole. Bado. Bado... umepita. Rudi."

"Hapa?"

"Rudi kidogo tena. Usipumue kwa nguvu, unanipigia kelele."

"Siwezi kuacha kupumua, mama."

"Jaribu."

Akacheka bila sauti. Akageuza skrubu upana wa unywele. Ikapiga, ikapiga, ikakohoa. Ikapiga, ikapiga, ikakohoa.

"Hapo," nikasema. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Kabureta akasimama, akanipa kisogo, akaangalia ukuta wa spana zake. Nilidhani ananistahi tu. Kisha nikamwona anapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Ulidhani kwangu kilikuwa kikohozi tu?" akasema, bado ameelekea ukutani. "Nilipanda nyuma ya mtu yule nusu ya maisha yangu. Barabara zote nimezijua kwa mgongo wake."

Tulikaa hivyo. Pikipiki ikaendelea kukohoa katikati yetu mpaka gereji ikajaa moshi.

Mwishowe nikapanda. Nilitaka niende nayo nyumbani, nimshukuru, yaishe. Nikaizungusha uani mara moja, nikasimama, nikaizima.

"Nini tena?" akauliza kwa hofu.

"Haiwi yeye. Nikiendesha mimi, haiwi yeye."

"Nigeuze skrubu?"

"Skrubu ni sawa." Nilikuwa nalifahamu jambo lenyewe wakati uleule nikilisema. "Sijawahi kumsikia nikiwa juu ya pikipiki. Nilimsikia nikiwa ndani, namsubiri. Nilichokuwa nakitamani ni mtu anakuja."

Nikatoa ufunguo, nikamnyooshea.

"Niache nitangulie nyumbani," nikasema. "Nikishafika, uje."

Hakuupokea. Aliutazama ufunguo, akanitazama mimi.

"Unajua unaniomba nini? Unaniomba nije nyumbani kwako kwa sauti ya mtu mwingine."

"Najua."

"Mtaa mzima watasikia."

"Wasikie."

"Na wifi yako?"

"Hasa yeye."

"Na wewe, Mkunga?" Sauti yake ilishuka. "Utasikia, utanyanyuka, utamtazamia yeye. Halafu nitashuka mimi. Ikiwa uso wako utaanguka, nitauona. Na nikishauona sitaweza kujifanya sikuuona."

"Ndicho ninachotaka kukijua. Nami nakiogopa kuliko wewe." Nikaushika mkono wake uliojaa masizi, nikaufungua, nikaweka ufunguo ndani. "Jibu langu siwezi kulitoa hapa. Limo mule ndani ya nyumba, na sijui likoje."

Akaufumba mkono.

"Tangulia," akasema.

Nilitembea haraka kuliko inavyoshauriwa kwa umri wangu. Nikaingia jikoni, nikakaa mahali pangu pa siku zote, mikono juu ya meza. Wifi akaja akasimama mlangoni.

"Umepatwa na nini? Unahema."

"Kaa, wifi."

"Nikae kwa nini?"

"Kaa tu, tafadhali."

Labda ni uso wangu. Akakaa. Jua lilikuwa limeanza kulegea, saa ileile ambayo sisi wawili hunyamaza. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo, mtoto wa jirani analia, halafu akaacha.

Kikohozi kikatokea kule konani. Ikapiga, ikapiga, ikakohoa.

Wifi alishika kifua. "Kaka," akasema, kwa sauti ya mtoto mdogo.

Mwili wangu ulishanyanyuka. Mkono mmoja ulikuwa kwenye sufuria na mwingine kichwani kwenye kitambaa, na mimi sikuwa nimeuamuru hata mmoja. Alikuwa anakuja. Katika dunia nzima hakuna kitu nilichokuwa nimekitamani kama kile, na nilikipata, na kilikuwa kinauma kama moto.

Kutoka kona ile mpaka kwetu kuna mteremko. Mume wangu alikuwa akifika kwenye nguzo ya umeme anazima injini, anaiacha pikipiki ijiviringishe yenyewe mpaka getini, kwa kubana mafuta, na zamani ili asiwaamshe watoto. Kabureta hakuwahi kulijua hilo, maana wao waliagana barabara kuu. Mimi na wifi tulilijua. Kikohozi, halafu kimya. Na tangu msiba, hata ndotoni, sauti ilikuwa inafika kwenye nguzo na kukatika, kisha hakuna anayefungua geti.

Ikafika kwenye nguzo.

Haikukatika. Ikapiga, ikapiga, ikakohoa, ikaipita nguzo. Ikapita kwa jirani. Ikawa kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia nikiwa ndani ya nyumba ile, vikombe vikaanza kutetemeka kabatini, na bado inakuja, inakuja mahali ambapo haikuwahi kufika ikiwa hai. Hakuwa mume wangu. Nililijua hilo kwa mwili mzima, nikausubiri uso wangu uanguke, na haukuanguka. Nilikuwa nakimbilia mlangoni.

"Huyu mbona hazimi?" Wifi alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Mwambie pale huwa panazimwa! Kwani hajui?"

"Hajui," nikasema, nalia na kucheka, komeo limeshafunguka mkononi mwangu. "Mwache, wifi. Mwache afike."